Diski Moja, Masikio Mengi

Wahenga walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Nasaha hiyo humjia kila mtayarishaji aliyekwisha kurekodi muziki wenye kumzunguka msikilizaji, na ambaye fedha zake zatosha toleo moja tu. Kazi ya studio imemalizika: mbele wamekaa wapigaji, nyuma umebaki mwangwi wa ukumbi. Lililosalia ni kuamua muziki huo utiwe katika diski ipi. Suala hili laonekana la kifundi tu, lakini kwa hakika ni suala la nani atakayesikia na nani atakayefungiwa nje.

Mapema katika miaka ya 1970 zilitoka santuri za spika nne. Kulikuwa na mfumo wa SQ wa CBS, QS wa Sansui na CD-4 wa JVC, na mashine iliyoundwa kwa mmoja haikuweza kuufasiri mwingine ipasavyo. Wanunuzi wakasita, na kabla ya muongo kwisha mifumo hiyo ilikuwa imekwishapoteza soko. Sauti yake haikuwa na aibu. Iliponzwa na ugomvi wa ndugu.

Mwaka 1999 Sony na Philips walileta SACD, na mwaka uliofuata ikaja DVD-Audio. Ugomvi ule ule ukavaa kanzu mpya. Kila moja ilikuwa na hoja yake. DVD-Audio ilibeba mikondo sita ya sauti, ya biti 24 kwa kilohezi 96, bila ya kupunguzwa kitu. Toleo lililotengenezwa kwa uangalifu liliwekewa pia sauti iliyofinywa ya Dolby au DTS, ambayo mashine ya kawaida ya DVD huisoma. Walakini mwenye mashine ya CD peke yake hakuambulia kitu. SACD, kwa upande wake, huweza kuundwa kwa matabaka mawili: moja la mikondo mingi, la pili CD ya kawaida. Asiyekuwa na mashine maalumu huitia katika mashine yake ya CD, akausikia wimbo kwa spika mbili, na asijihisi kadhulumiwa.

Albamu ya Pink Floyd, The Dark Side of the Moon, ni funzo zuri. Ilitoka mwaka 1973, na Alan Parsons aliichanganya kwa spika nne. Mwaka 2003 ikatolewa kwa SACD, katika mchanganyo mpya wa mikondo sita wa James Guthrie. Mwaka 2011 ikaingia katika Blu-ray. Vyombo vilizeeka kimoja baada ya kingine, na muziki ukavuka, kwa kuwa kanda za asili zilitunzwa.

Kampuni ndogo ya 2L ya Norway ililijibu fumbo hili kwa namna yake. Ilianza kutoa muziki kwa Blu-ray mwaka 2008, na matoleo yake mengi yamebeba diski mbili katika mfuko mmoja: Blu-ray pamoja na SACD yenye tabaka la CD. Huyo ameshika mbili na wala haikumponyoka hata moja, ila gharama yake ni ya diski mbili.

Tangu mwaka 2021 Apple Music hupeleka sauti za namna hii kwa intaneti, hata masikioni mwa mwenye simu. Hata hivyo, kilichokodiwa si kilichomilikiwa. Diski hukaa rafuni, ikarithiwa. Basi mwenye uwezo wa toleo moja asiulize kwanza ni diski ipi yenye tarakimu kubwa. Na aulize ni ipi itakayomkaribisha hata mwenye spika mbili, kisha azitunze rekodi zake za asili kama mtu atunzavyo hati ya shamba. Mlango wa leo utafungwa siku moja, na mwenye hati ataingia kwa mlango mwingine.