Utamu na Kiasi: Habari za Chimala

Mtu atokaye Makambako kwenda Mbeya kwa njia kuu hushuka kidogo kidogo hata kuifikia nchi ya Usangu, nchi tambarare yenye joto na mashamba ya mpunga. Upande wake wa kushoto milima yasimama kama ukuta. Chini ya ukuta huo ndipo ulipo mji wa Chimala, katika wilaya ya Mbarali, kilomita zisizofika 100 kutoka Mbeya. Reli ya TAZARA, iliyojengwa tangu 1970 hata 1975, nayo yapita hapo, na kituo chake kipo.

Wasomaji wetu wengi huijua Chimala kwa jina tu, maana basi husimama hapo dakika chache, kisha huendelea na safari. Sisi tulikaa siku nne, nasi twapenda kuwaeleza jambo moja tulilolitazama: jinsi watu walavyo vitu vitamu, na jinsi iwezekanavyo kuvifurahia pasipo kuumia.

Asubuhi, kabla jua halijapanda, kina mama huketi kando ya njia na majiko yao ya mkaa. Kikaango chao kina vishimo, na kila kishimo hutiwa mafuta kidogo, kisha rojo la mchele. Mchele huo umelowekwa usiku kucha, ukasagwa, ukachanganywa na sukari, hamira na iliki, pamoja na tui kwa yule aliyepata nazi, kwa maana nazi hutoka mbali, huko pwani. Kitumbua kikiiva upande mmoja hugeuzwa kwa kijiti, na harufu ya iliki hufika hata kwenye madirisha ya mabasi. Wengine huuza mandazi, kashata za karanga, na ndizi mbivu zitokazo Rungwe.

Mchele wenyewe ni wa hapo hapo. Mito ishukayo milimani huinywesha nchi ya Usangu kabla ya kuingia katika mto Ruaha Mkuu, na watu wameigawanya kwa mifereji. Miongoni mwa watangulizi wa kilimo hicho cha kumwagilia walikuwa Wabaluchi waliohamia nchi hiyo. Na katika miaka ya 1970 serikali, ikisaidiwa na China, ilifungua shamba kubwa la mpunga la Mbarali. Wahenga walisema kwamba mchele ni mmoja, mapishi ni mbalimbali. Hapo Chimala twaweza kusema kwamba kitumbua ni mmoja wa watoto wa Ruaha.

Tuliwauliza wazee, Je, ninyi mlipokuwa wadogo mlikula nini kilicho kitamu? Wakatujibu: asali ya mzinga ilipopatikana, muwa, boga, viazi vitamu, na togwa. Togwa ni uji uliotiwa kimea cha ulezi. Uji huo hupata utamu ijapokuwa haukutiwa hata kijiko kimoja cha sukari, kwa sababu kimea huugeuza wanga wa unga kuwa sukari. Vitu hivyo vilikuwa na majira yake. Asali ilingoja msimu wa nyuki, boga lilingoja mvua, na sukari ya dukani ilikuwa ya sikukuu na ya wageni. Kwa hiyo kiasi hakikuhitaji kufundishwa sana. Uhaba wenyewe ulikuwa mwalimu.

Leo mwalimu huyo ameondoka. Sukari ipo katika kila duka, na soda baridi huuzwa kila kituo. Basi imetupasa tujiwekee kiasi sisi wenyewe. Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri 1, katika mwaka 2015, kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na asali na maji ya matunda yaliyokamuliwa, isipite sehemu moja katika kumi ya nguvu ambayo mtu huipata katika chakula chake. Kwa mtu mzima ni gramu zipatazo 50, yaani vijiko 12 vya chai. Na akiweza kupunguza hata vijiko 6 ni afadhali zaidi. Sasa na tuhesabu. Mtu anywaye vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu, amekwisha kula vijiko 9 kabla hajagusa andazi. Na chupa moja ya soda mara nyingi huwa na gramu zaidi ya 30. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hujaa pasipo sisi kukitazama.

Katika nyumba tuliyofikia palikuwa na mzee mmoja, mkulima wa mpunga, ambaye miaka miwili kabla ya safari yetu aliambiwa na waganga wa hospitali kwamba ana kisukari. Habari hiyo iliwatia watoto wake hofu. Mmoja alitaka sukari isionekane tena nyumbani humo. Mwingine alisema kwamba baba yao amekwisha kula chumvi nyingi, na aachwe ale apendacho. Lakini aliyeumia zaidi alikuwa mke wake, ambaye amelea watoto sita kwa fedha ya vitumbua. Alijiona kama muuza sumu. Je, kazi iliyowasomesha watoto ndiyo iliyomdhuru baba yao?

Swali hilo lastahili jibu la haki. Kisukari cha watu wazima hakiletwi na kitu kimoja. Tumboni mwetu mna kiungo kiitwacho kongosho, kinachotoa insulini, nayo ndiyo iifunguliayo sukari ya damu njia ya kuingia mwilini ili itumike. Mtu akinenepa mno, akikaa bila kazi ya mwili, umri ukiendelea, au kama ugonjwa huo umo katika ukoo wake, insulini huanza kushindwa na kazi yake. Sukari na wanga wa kupita kiasi humwongezea mzigo mtu huyo. Basi kitumbua chenyewe hakina hatia. Neno ni vingapi, mara ngapi, na pamoja na maisha ya namna gani.

Mama yule alielezwa hayo na mwuguzi, na nyumba ile ikapata desturi mpya. Jumapili jioni, baada ya chakula cha maharagwe, mchicha na ugali kidogo, mjukuu alileta sahani.

“Shikamoo, babu. Bibi amesema uchukue kimoja.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Kimoja cha leo, au cha juma zima?”

“Cha juma zima, babu.”

Mzee akakishika, akakimega vipande vinne, akala polepole. Kisha akatuambia: “Zamani nilikula vitano huku nikizungumza, wala sikujua ladha yake. Sasa nala kimoja, nami najua kama iliki imetiwa au haikutiwa.”

Mkewe akajibu kutoka jikoni: “Mzee wangu, siku utakaposema haikutiwa, hata hicho kimoja hukipati.” Sote tukacheka. Lakini twawakumbusha wasomaji kwamba kipimo cha mzee huyu si kipimo cha wagonjwa wote; kila mmoja na ashike maagizo ya mganga wake.

Siku ya tatu tulipanda kwenda Matamba kwa njia ile maarufu yenye kona 57. Huko juu ni baridi. Watu hulima viazi na ngano, na mbele yake ni uwanda wa Kitulo, uliofanywa hifadhi ya taifa 2005 kwa ajili ya maua yake, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Nyanda hizo za Makete huzaa pia matufaha. Tunda zima ni utamu ulio na kiasi chake ndani yake, kwa kuwa nyuzinyuzi zake huishibisha tumbo, na sukari yake haiingii damuni kwa haraka kama ya maji ya matunda.

Wakati wa kurudi, dereva alitueleza kwamba ajuaye njia ile hashuki kwa kutumaini breki peke yake. Huweka gia ndogo tangu juu, kabla mwendo haujamshinda. Tuliona kwamba neno hilo lafaa na mezani pia. Mchovya asali hachovi mara moja; kwa hiyo aweke kiasi chake sahanini kabla hajaanza kula, na chombo kilichobaki kirudi kabatini. Akingoja kuamua wakati ulimi umekwisha kunogewa, amechelewa kushika breki.

Basi twatoa shauri kwa wenye nyumba. Kitu kitamu na kiliwe baada ya chakula, watu wakiwa wameketi, wala si kutwa kucha njiani. Kila sukari iguspo meno, vijidudu vya kinywani hutengeneza asidi iyalayo meno. Basi mtoto anyonyaye peremende tangu asubuhi hata jioni huumia kuliko yule alaye kashata moja mara moja, kisha akasukutua. Chai na ipunguzwe kijiko kimoja kila mwezi, maana ulimi hujifunza. Na maji safi yawe kinywaji cha kila siku, soda iwe ya sikukuu.

Na walimu wetu, tazameni kiuzwacho mlangoni pa shule wakati wa mapumziko. Msiwafukuze kina mama wauzao, bali semeni nao. Anayeuza vitumbua aweza kuuza na ndizi, na muwa uliomenywa, na karanga.

Wala tusiifanye Krismasi kuwa siku ya uji mtupu kwa kuogopa. Kitumbua cha sikukuu, kikiliwa pamoja na ndugu na jirani, ni furaha ya halali. Ila sikukuu ikija kila siku, haiwi sikukuu tena, na utamu ukikaa kinywani kutwa, mlaji hausikii.