Daftari la Dada Yangu



Mwaka 2009 nilimpa dada yangu mkubwa kompyuta iliyokwisha kutumika, nikaitilia Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, programu ya kuendeshea kompyuta ambayo hutolewa bure. (Jina hilo la kusini mwa Afrika ni ndugu wa neno letu "utu", na dada alilipenda kabla hajaipenda kompyuta yenyewe.) Kiingereza chake kilikuwa cha dukani na kituo cha basi. Lakini juu, upande wa kushoto wa kioo, palikuwa na maneno matatu yasiyoondoka mahali pake, nayo yalimtosha. Aliandika katika daftari: "Neno la kwanza. Teremka. Picha ya karatasi." Kwa njia hiyo aliweka hesabu za michango ya akina mama miaka miwili, bila kumwomba mtu msaada.

Mwaka 2011, kwa ari ya mwalimu asiyetaka mwanafunzi wake abaki nyuma, nilimwekea toleo jipya la Aprili. Maneno matatu yakatoweka. Kushoto ilisimama safu ya picha, na programu nyingi zikawa hupatikana kwa kuandika jina la ile unayoitaka. Sura hiyo iliitwa Unity. Mwezi huohuo GNOME, mradi uliotengeneza sura ya zamani, nao ukatoa toleo la 3 na kuziacha menyu zile. Hata Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux mwaka 1991, alilalamika hadharani, akahamia sura nyingine iitwayo Xfce.

Binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi na miwili na hajawahi kuigusa Linux, aliizoea sura mpya kwa jioni moja. Aliandika herufi tatu, kitu kikaja. Akaniuliza shangazi analalamikia nini. Nami, nakiri, nilikuwa upande wake. Nikamwambia dada kuwa atazoea.

Ilinichukua miezi kutambua kosa langu. Menyu humwonyesha mtu majina ili achague. Kutafuta humtaka awe analijua jina tayari, tena aliandike sawasawa. Binti alikuwa na majina kichwani, na kwa Kiingereza. Dada alikuwa na mahali tu, nami nilimpokonya. Alilifunga daftari, akaanza kuniletea hesabu zilizoandikwa kwa kalamu ili nimchapie.

Watengenezaji walikuwa na hoja yao. Kompyuta ndogo za mkononi zenye vioo vifupi zilikuwa zimeenea, na safu ya pembeni iliokoa nafasi. Lakini Unity hiyo niliyomhimiza dada aizoee, Ubuntu wenyewe waliiacha mwaka 2017 na kurejea GNOME.

Heri ya Linux ni kwamba msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Mtumiaji mmoja wa Argentina aliuchukua ule wa sura ya zamani, akauendeleza kwa jina la MATE, mmea ambao majani yake hunywewa kwao kama chai. Mwaka 2012 nilimwekea dada Linux Mint yenye MATE, nikairudisha menyu juu kushoto.

Alivaa miwani, akafungua daftari ukurasa wa kwanza, akasoma kwa sauti: "Neno la kwanza." Kisha akaniamuru niketi mbali na kipanya.