Bweha wa Mlimani, Bweha wa Nyanda, na Mbwa wa Mlangoni



Usiku mmoja bweha alilia kilimani nyuma ya shule yetu, hapa katika nchi ya Tarime. Asubuhi yake mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, bweha huweza kukaa hata juu ya milima mirefu, penye baridi kali? Tena huko hula nini, maana hakuna kuku?" Wenzake wakacheka, walakini swali lilikuwa jema, nami nikamwahidi jibu. Kulitafuta jibu hilo kumenifundisha jambo liihusulo kila nyumba yenye mbwa. Kwa hiyo naliandika hapa.

Yuko kweli bweha wa mlimani. Makao yake ni milima ya Ethiopia tu, wala hapatikani penginepo duniani. Hukaa mahali palipo juu ya mita 3,000, ambapo miti imekwisha, na asubuhi majani huwa meupe kwa jalidi. Manyoya yake ni mekundu, koo lake jeupe, miguu yake mirefu na pua yake nyembamba. Wageni wa zamani walimwita bweha wa Simien, kwa jina la milima ya kaskazini alikoonekana kwanza. Lakini uchunguzi wa nasaba yake umeonyesha kwamba yu karibu zaidi na mbwa mwitu wa Ulaya kuliko bweha.

Chakula chake ni panya, na zaidi fuko wakubwa wakaao chini ya ardhi katika milima ya Bale. Humnyatia fuko polepole, tumbo likigusa majani, hata atoe kichwa shimoni. Ndipo huruka na kumkamata. Kila mmoja huwinda peke yake mchana, lakini alfajiri na jioni jamaa yote hukutana, wakasalimiana kwa kelele nyingi, wakatembea pamoja kulinda mipaka ya nchi yao. Kwa kawaida jike mmoja tu ndiye azaaye, na wengine wote humsaidia kulisha watoto. Wamebaki wachache mno: wale waliokomaa hawafiki 500.

Nilipowasomea watoto habari hizi, walitaka kujua kama sisi nasi tunao bweha wa namna ya pekee. Nikawaambia kwamba katika nyanda za Serengeti, wilaya ya jirani, yuko bweha masikio, ambaye mimi mwenyewe sikuwa nimemwona. Basi mwishoni mwa Oktoba, rafiki yangu mmoja mwenye gari alipokuwa na safari ya huko, nikafuatana naye.

Tulitoka Nkende alfajiri, tukayaacha mashamba ya migomba na kahawa, tukapita Nyamwaga na Nyamongo penye machimbo ya dhahabu, tukavuka mto Mara, tukafika Mugumu, tukalala huko. Kesho yake tukaingia katika hifadhi kwa lango la Ikoma. Hifadhi hii iliwekwa mwaka 1951, na ukubwa wake ni kilometa za mraba 14,763. Tulipopita Seronera kuelekea kusini, miti ikapungua, hata mbele yetu yakawa majani matupu mpaka upeo wa macho.

Jua lilipokaribia kuchwa, kijana aliyetuongoza akasimamisha gari. "Mwalimu, tazama pale penye kichuguu," akasema. Nikaona masikio kwanza, kisha mnyama. Mwili wake ni mdogo, kilo 3 hadi 5, kama jogoo mnene. Lakini kila sikio lina urefu wa yapata sentimita 12. Uso wake una alama nyeusi kama mtu aliyejifunika kitambaa machoni, na miguu yake ni myeusi.

Alikwenda hatua chache, akasimama, akainamisha kichwa, masikio yakielekea chini. Kijana akatuambia, "Anasikiliza mchwa." Kumbe masikio yale ndiyo silaha yake! Husikia mchwa wakikata majani, na wadudu wakijongea chini ya udongo. Hakuhitaji kuku wa mtu. Chakula chake kikubwa ni mchwa na wale wadudu wafingirishao mavi ya wanyama, na maji mengi ayahitajiyo huyapata humo humo. Tena meno yake ni mengi ajabu. Mbwa ana meno 42, na mtu mzima 32. Bweha huyu ana 46 hata 50, madogo na makali, nayo husaga upesi sana.

Karibu na kichuguu palikuwa na shimo, na mbele yake watoto wanne wakicheza. Mkubwa mmoja alikuwa amelala kando yao, akiwaramba huyu na huyu. Nilidhani ni mama. Kijana akatabasamu, "La, huyo ndiye baba. Mama ni yule uliyemwona akila."

Sababu yake ni hii. Mchwa hawachukuliki mdomoni wakaletwa nyumbani kama nyama. Hivyo mama hana budi kwenda kula muda mrefu ili apate maziwa ya kutosha. Wakati huo baba hulinda shimo, huwakumbatia watoto wasipate baridi, na hufukuza adui. Wataalamu waliowachunguza papa hapa Serengeti waliona kwamba kadiri baba akaavyo sana shimoni, ndivyo watoto wengi zaidi wanavyopona. Katika Maandiko mbweha ni jina la mjanja, hata Herode aliitwa hivyo; lakini yule wa jioni ile ningemwita mlezi.

Nikauliza, "Adui yao mkubwa ni nani? Fisi? Tai?" Kijana akanyamaza kidogo, akaniuliza naye, "Mwalimu, mbwa wako nyumbani umemchanja?"

Sikuwa na jibu. Mbwa wangu alikuwa na miaka minne, alinda nyumba, afuatana na wachungaji malishoni, wala hakuwa amechomwa sindano hata mara moja.

Ndipo akatueleza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kichaa cha mbwa kiliua wengi wa bweha masikio wa Serengeti. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, uitwao distempa, uliua yapata theluthi ya simba wa Serengeti, na bweha hawa pia walikufa. Hata bweha wa mlimani hakusalimika kule juu. Mwaka 2003 kichaa kiliingia katika bonde la Web, katika milima ya Bale, kikaua kama robo tatu ya waliokuwako. Kililetwa na mbwa wa wachungaji, mbwa kama wangu.

Tena ugonjwa huu hauishii porini. Watu yapata 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa kichaa cha mbwa, na miongoni mwao wamo watoto wengi. Mtu akiumwa, na aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile apate chanjo. Asingoje dalili, maana zikisha kuonekana karibu kila mgonjwa hufa. Lakini mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Tangu miaka ya 1990 mbwa wa vijiji vingi kando ya hifadhi wamekuwa wakichanjwa kwa ajili hiyo.

Niliporudi Nkende niliwapa watoto jibu lao lote, pamoja na aibu yangu. Jirani mmoja akaniambia, "Mwalimu, mbwa wangu ni mzima, sindano ya nini?" Nikamjibu kwamba mbwa akisha kuugua, sindano haimfai tena; huchanjwa angali mzima.

Siku ya chanjo ilipotangazwa nilimfunga wangu kamba, nikaenda mapema nikidhani nitakuwa wa kwanza. Nikamkuta yule mtoto aliyeuliza swali amekwisha kufika, ameshika kamba mbili, moja kila mkono. Na nyuma yake amesimama jirani yangu na mbwa wake.