Mkono wa kushoto ulipokosa kazi

Mzee aliyenifundisha programu ya kuchora ya CorelDRAW, katika duka moja la uchapaji pale Kariakoo, hakuanza na rangi wala fonti. Alianza na mikono. Wa kulia ni wa kipanya, akasema, na wa kushoto nisiuone umetoka kwenye kibodi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na akikukuta umeegemeza shavu kwenye mkono wa kushoto alikuwa anakuondoa kwenye kiti, akae mwingine.

Alikuwa na sababu. Ukishika Ctrl, mstari unanyooka. Ukishika Shift, umbo linakua kutoka katikati. F10 inakuletea nukta za umbo ulivute utakavyo. Halafu kuna ujanja ambao mafundi wa Corel wanaujua hata usingizini: unaburuta ua kwa kitufe cha kushoto cha kipanya, na kabla hujaliachia unabonyeza cha kulia. Ua la kwanza linabaki lilipokuwa, nakala yake inakaa pale unapotaka. Hivyo ndivyo tulivyozungusha mapambo pembeni mwa kadi za harusi, ua baada ya ua, bila kufungua menyu hata moja. Rangi nazo vilevile: bonyeza kwa kushoto, umbo linajaa rangi, bonyeza kwa kulia, ni mstari wa nje tu unaobadilika.

CorelDRAW ilitoka mwaka 1989, Photoshop ikafuata 1990. Waliozitengeneza walimwona mtu aliyekaa mezani, mwenye kibodi, na kishale chenye ncha ndogo kuliko nzi. Skrini ya mguso ilipokuja ikaviondoa vyote kwa mpigo. Kitufe cha kulia hakipo. Ctrl haipo. Kidole nacho ni kinene, na kibaya zaidi kinafunika kile kile unachotaka kukiona: unavuta nukta ya mkunjo na nukta yenyewe iko chini ya ukucha wako.

Kuna hasara nyingine ambayo huzungumzwa kidogo. Wengi wetu tulijifunza zana zinaitwaje kwa kupitisha kishale juu ya alama zake bila kubonyeza. Unatulia kidogo, jina linajitokeza. Kidole hakijui kupita juu ya kitu. Kimegusa au hakijagusa, basi. Kwa mtu asiye na mwalimu wala kitabu, hilo ni darasa zima limefungwa.

Mwaka 2013 kijana mmoja wa kampuni ya matangazo alitujia dukani na tableti ya Windows inayoendesha Photoshop kamili, ile ile ya mezani. Tulimzunguka wote. Kioo kilikuwa cha inchi kumi na kidogo lakini pikseli zake nyingi, kwa hiyo vitufe vilikuwa vimesinyaa mpaka ukilenga leya moja unaifuta ya jirani. Apple walikuwa wakiwashauri waandishi wa programu kwamba kitufe kisipungue pointi 44 kila upande, na Google 48, kama milimita 9 hivi. Hapo pengine hapakuwa na hata kimoja kinachofika nusu. Mzee alitazama kwa subira, kisha akauliza, "Mwanangu, kipanya chake kiko wapi?" Kijana akafungua begi akakitoa.

Adobe wenyewe, watengenezaji wa Photoshop, walikuwa wamejaribu njia nyingine. Photoshop Touch, iliyokuja kwenye tableti za Android mwaka 2011 na kwenye iPad mwaka uliofuata, ilikuwa na vitufe vikubwa na leya za kweli. Niliipenda hadi nilipopiga hesabu. Mwanzoni picha haikuruhusiwa kuzidi pikseli 1600 kwa 1600. Kwa mtu wa mashine, anayechapa kwa nukta 300 kila inchi, hizo ni sentimita 13 na nusu: hazifiki hata upande mfupi wa kipeperushi cha A5. Baadaye wakaongeza kiwango, na mwaka 2015 wakaiondoa sokoni kabisa.

Wakati wakubwa hao wakihangaika, mambo yalikuwa yanabadilika kwenye simu za Android za bei ya chini. Vijana walianza kuja na kadi za mchango wa harusi walizotengeneza wenyewe kwa programu ya PixelLab. Nilimwomba mmoja anionyeshe, nikasimama nyuma yake. Hakuburuta karibu chochote. Aliandika jina la bwana harusi, akaongeza ukubwa kwa kusukuma kitelezi, akalisogeza kwa kubonyeza mishale midogo mpaka likakaa sawa. Kivuli, kitelezi. Mstari wa nje, kitelezi. Fonti alikuwa amezipakua na kuziweka kwenye simu, na mafaili ya kazi, yale ya PLP, walikuwa wakitumiana kwa WhatsApp. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika simu. Dole gumba la kulia lilifanya yote.

Hapo ndipo nilipoacha kuamini kwamba simu inahitaji Photoshop ndogo. Aliyeitengeneza programu ile hakujaribu kukitafutia kidole kipanya. Alikipa kidole kazi kinayoiweza. Tatizo lilikuja kwenye uchapaji. Kijana aliniletea picha ya JPG yenye buluu inayong'aa, ile ya mwanga wa skrini ambayo wino wa mashine hauwezi kuitoa, akataka bango la mita tatu. Herufi zikavunjika vipande. Kazi za namna hiyo nilizichora upya kwenye Corel nyingi tu, na mara nyingi kwa pesa ile ile ya kuprinti.

Mwezi Novemba 2019 Photoshop ilitoka kwenye iPad, safari hii ikiwa na msimbo ule ule wa mezani ndani yake. Watu walilalamika, na walikuwa na haki: hata zana ya mikunjo ya rangi ilikuwa haijawekwa, ikaja mwaka uliofuata. Mimi kilichonivutia kilikuwa chini kushoto, kitufe kimoja cha mviringo ambacho peke yake hakifanyi kitu. Unakishika kwa kidole cha kushoto, na zana iliyo mkono wa kulia inabadilika tabia. Illustrator ya iPad, nayo ya Adobe, iliyotoka Oktoba 2020, ilikuja nacho pia: ukikishika, umbo linabaki na uwiano wake, kidole kikisogea hadi ukingoni mwa duara, kitufe kinapata kazi ya pili. Shift na Alt zilikuwa zimerudi. Procreate, programu ya kuchora ya Waaustralia wa Tasmania, ilifika huko kwa njia yake: gonga kwa vidole viwili unafuta ulichofanya, vitatu unakirudisha. Mwaka 2022 kalamu ya Apple ikaanza kutambuliwa hata ikiwa angani, milimita 12 juu ya kioo, na ule uwezo wa kupita juu ya kitu bila kukigusa ukarudi pia, kwa mwenye pesa ya kununua iPad Pro.

Inachekesha kwamba mpangilio huu wa mikono miwili ulikuwapo kabla ya kipanya kuingia mezani. Ivan Sutherland alipoonyesha programu yake ya kuchora, Sketchpad, kule MIT mwaka 1963, alichora moja kwa moja juu ya kioo kwa kalamu ya mwanga aliyoishika mkono wa kulia, na wa kushoto ulikuwa kwenye kisanduku cha vitufe. Ilichukua zaidi ya nusu karne wachoraji wa kawaida kurudishiwa mpangilio huo.

Dukani bado tuna kompyuta ya mezani kwa ajili ya vitabu, mabango na mihuri. Lakini kadi za mchango nyingi siku hizi hazipiti kwenye mashine. Zinatoka kwenye simu kwenda kwenye simu, hazihitaji rangi za wino za CMYK wala nukta 300, na ile buluu iliyokuwa ikinisumbua sasa inafika kwa mchangiaji kama ilivyo. Saa nne usiku mwenyekiti wa kamati ya harusi anapiga: namba ya mweka hazina imebadilika, kaka, tafadhali. Nairekebisha nikiwa kitandani, kwa dole gumba. Kesho yake ananiuliza kwa nini bei haijapungua, maana yeye aliona ni dakika mbili tu.