Mgongo Uliopinda Haukunizuia Kuwa Mama

Katika mazungumzo yetu ya kila siku neno "kibiongo" limekuwa dhihaka zaidi kuliko jina la maradhi. Watoto hulitumia wanapogombana. Watu wazima hulinong'ona mwenye mgongo wake akishapita. Kwa mwanamke neno hilo lina uzito wa pili, kwani hufuatwa na swali ambalo wengi huona haya kulitamka mbele yake: Je, huyu ataweza kuzaa?

Nimeishi na swali hilo tangu usichana wangu. Mgongo wangu umepinda, nimebeba mimba, nimejifungua, na binti niliyemzaa mwaka 2019 sasa anakwenda shule. Naandika haya, ndugu msomaji, kwa kuwa katika vijiji na mitaa yetu wapo wasichana wanaoambiwa wasithubutu kuolewa, na wapo pia wanaobeba mimba bila ya kumweleza mkunga lolote juu ya migongo yao. Wa kwanza wananyimwa haki yao bure; wa pili wanajitia katika hatari ambayo maelezo machache yangeweza kuipunguza.

Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili. Kibiongo hasa ni mgongo uliotokeza nyuma, na moja ya sababu zake ni kifua kikuu kilichoingia katika pingili za uti wa mgongo. Mgongo wangu umepinda kwa upande, mfano wa herufi S, na pingili zenyewe zimejisokota kidogo, hata mbavu za kulia zikatokeza kuliko za kushoto. Madaktari huuita ugonjwa huu skoliosisi, jina lililotokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kupinda. Huupima kwa nyuzi katika picha ya eksirei, kwa njia iliyoelezwa mwaka 1948 na Dk. John Cobb wa Marekani. Mpindo ukifika nyuzi 10 ndipo huhesabiwa kuwa ugonjwa.

Kati ya vijana 100, wawili au watatu huwa nao. Katika kila wagonjwa 10, wanane hivi hawana sababu inayojulikana. Hauletwi na ndoo ya maji kichwani, wala mkoba wa shule, wala mkono wa jirani mbaya. Hata Usain Bolt wa Jamaika, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, ana mgongo wa namna hii.

Wangu uligunduliwa na fundi cherehani, pale Muheza, nilipokuwa na umri wa miaka 14. Alikuwa akinishonea sketi ya shule. Alipima pindo mara mbili, akakata, na bado upande mmoja ukapanda. Akamwambia mama yangu, "Mama, kitambaa changu hakina kosa. Mtazame mtoto kiuno." Picha iliyopigwa hospitali ilionyesha nyuzi 38. Kwa kuwa nilikuwa nimekaribia kumaliza kukua, daktari hakuona haja ya kunipasua. Alitaka nirudi kupimwa kila baada ya muda. Nilipofika miaka 25 zilikuwa nyuzi 42.

HOFU

Mchumba wangu aliponipeleka kwao, mama yake alinipokea kwa heshima zote. Jioni, tulipobaki jikoni wawili tu, akaniambia, "Mwanangu, sina neno nawe. Lakini nyumba ni watoto, na mtoto hubebwa na mgongo." Sikumjibu, maana mkwe hajibiwi siku ya kwanza.

Leo naelewa kwamba hofu ya namna hiyo ina historia yake. Zamani, hasa katika miji ya viwanda ya Ulaya, wanawake wengi waliharibika mifupa utotoni kwa ugonjwa wa matege, ambao huletwa na upungufu wa vitamini D. Ugonjwa ule uliweza kupinda miguu, mgongo na nyonga kwa pamoja; na nyonga ikibanwa, mtoto hapati njia ya kupita. Watu waliuona mgongo kwa macho, nyonga hawakuiona, nao wakaulaumu mgongo. Skoliosisi inayoanza katika umri wa kubalehe aghalabu hukaa sehemu ya kifua, na nyonga hubaki kama ya mwanamke mwingine yeyote. Ndiyo maana wengi wenye mpindo mdogo au wa kadiri hubeba mimba na kujifungua salama, na wengi wao kwa njia ya kawaida.

Nilipopata mimba nilikwenda kliniki mapema. Katika kituo cha kwanza, muuguzi aliyekuwa akinipima uzito alipaza sauti mbele ya foleni nzima: "Dada, nani alikutuma ubebe mimba na mgongo huo?" Akina mama waliokuwa kwenye mabenchi waligeuka wote kunitazama. Hakuniuliza mpindo una nyuzi ngapi. Hakuniuliza kama naishiwa na pumzi nikipanda ngazi, wala kama nimewahi kupasuliwa mgongo. Aliandika urefu na uzito, akanipa kadi, akamwita mwingine. Maneno yake yaliniumiza kwa siku kadhaa. Maswali ambayo hakuyauliza yangeweza kuniletea madhara makubwa zaidi.

PUMZI

Nilihamia hospitali nyingine, nikiwa nimebeba picha zangu zote za zamani ndani ya bahasha. Picha hizo zilikuwa na faida kubwa, kwani mja mzito hapigwi eksirei ila kwa sababu nzito. Daktari wa akina mama alizitazama kwenye mwanga wa dirisha, kisha akasema, "Kabla ya mgongo, nataka kujua mapafu."

Alinieleza sababu. Katika mimba damu ya mama huongezeka kwa karibu nusu ya kiasi chake, na moyo hufanya kazi zaidi. Mji wa mimba nao hukua na kukisukuma kiwambo cha kifua juu kwa sentimita 4 hivi. Mwanamke mwenye kifua kilichonyooka ana nafasi ya kutosha. Mwenye mbavu zilizosokotwa ana nafasi ndogo zaidi, na ni lazima ijulikane ni ndogo kiasi gani. Nikapuliza kwa nguvu ndani ya mrija wa mashine mara tatu, na majibu yakawa mazuri. Aliniambia kwamba mwenye mpindo mkubwa sana, wa nyuzi 100 na kuendelea, au ambaye misuli yake imedhoofika kwa ugonjwa kama polio, mapafu na moyo wake huweza kulemewa. Mama wa namna hiyo yampasa amwone daktari kabla hajabeba mimba.

Maumivu yalianza mwezi wa sita. Wajawazito wengi huumwa mgongo, kwani homoni za mimba hulegeza viungo, na tumbo huvuta kiuno mbele. Mimi niliumwa upande mmoja zaidi. Nililala kwa ubavu nikiweka mto katikati ya magoti, nikaacha viatu virefu, na ofisini nikaomba kiti chenye mgongo ulionyooka. Nilitembea kidogo kila jioni. Sikunywa dawa ya maumivu ya dukani bila ya kumwuliza daktari, kwa kuwa zipo zinazoweza kumdhuru mtoto.

SINDANO

Jambo ambalo sikulitarajia ni kupelekwa kwa daktari wa usingizi nikiwa bado mzima, miezi miwili kabla ya kuzaa. Nilidhani daktari huyo hukutana na mgonjwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Kumbe kwa mtu kama mimi kukutana huko ni kuchelewa.

Ganzi ya mgongoni, ambayo August Bier aliifanya kwa mara ya kwanza huko Kiel, Ujerumani, mwaka 1898, hupitishwa kwa sindano nyembamba baina ya pingili za kiunoni, chini ya mahali unapoishia uti wenyewe. Mama hubaki macho, asikie mtoto akilia. Lakini pingili zilizojisokota humdanganya daktari: mfupa anaougusa kwa kidole haumwonyeshi sawasawa ulipo mfereji ulio ndani. Anaweza kuchoma mara kadhaa, au ganzi ikashika upande mmoja zaidi ya mwingine. Njia ya pili ni nusu kaputi, nayo huhitaji maandalizi yake, kwani mwenye kifua kilichobanwa hutaka uangalifu zaidi.

Kwa mama aliyenyooshwa mgongo kwa vyuma jambo hili ni kubwa zaidi. Upasuaji wa vyuma ulianzishwa na Dk. Paul Harrington wa Houston, Marekani, katika miaka ya 1950, na pale pingili zilipounganishwa sindano huweza kukosa nafasi. Hata hivyo vyuma havizuii uzazi. Eugenie, mjukuu wa Malkia Elizabeth wa Uingereza, alifanyiwa upasuaji wa mgongo mwaka 2002 akiwa na umri wa miaka 12. Akaolewa mwaka 2018 katika gauni lililoachwa wazi mgongoni ili kovu lionekane. Akazaa mwaka 2021 na tena mwaka 2023. Mama mwenye vyuma na aje kliniki na karatasi za upasuaji wake, zinazoonyesha vimeanzia pingili gani na kuishia ipi.

Daktari wangu aliupapasa mgongo, akatazama picha, kisha akaandika kwenye kadi kwa wino mwekundu kwamba mpindo uko wapi, umeelekea upande gani, na kwamba aitwe mapema.

UCHUNGU

Uchungu ulinianza usiku, wiki ya 39. Tulikubaliana kwamba nitajaribu kuzaa kwa njia ya kawaida, maana mgongo peke yake si sababu ya kumpasua mama. Nilikaa leba saa 11. Njia ilifunguka sentimita 6, ikakoma hapo, na mapigo ya moyo wa mtoto yakaanza kushuka kila uchungu ulipokuja. Mkunga, mama wa makamo aliyekuwa mpole muda wote, alinishika mkono akasema, "Mdogo wangu, mtoto amechoka. Tumtoe."

Hapo ndipo wino mwekundu ulipofanya kazi yake. Daktari wa usingizi aliyekuwa zamu hakuwa yule niliyeonana naye, lakini aliisoma kadi, akaniketisha, akaniinamisha, na hakupoteza muda kutafuta mahali pa kuanzia. Sindano ilipita mara ya tatu. Miguu ikawa mizito, kisha sikuihisi. Baada ya muda nikasikia kilio. Binti alikuwa na kilo 2.9.

Mama mkwe alikuja kunilea arobaini. Alipoona kidonda alitikisa kichwa: "Si nilisema?" Mwanawe akamweleza taratibu kwamba moyo wa mtoto ndio uliolegea, na kwamba kitanda cha jirani alikuwapo mama mwenye mgongo ulionyooka kama mnazi, naye amepasuliwa kwa sababu ile ile. Mama alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi mgongo umesingiziwa." Tangu siku ile yeye ndiye aliyembeba mjukuu kwa mbeleko kila mtoto alipolia, kwa miezi mitatu, kwa kuwa kwangu mimi kuinama na kubeba ndiko kulikokuwa na maumivu kuliko mimba yenyewe. Lau ningekuwa peke yangu, sijui ningemwogesha vipi.

KWA WENZANGU

Huulizwa kama binti atarithi. Skoliosisi huonekana zaidi katika baadhi ya koo, lakini watoto wengi wa akina mama kama mimi hawaipati. Akifika umri wa miaka 10 nitamwinamisha mara kwa mara, miguu pamoja, mikono ikining'inia, nitazame kama mbavu za upande mmoja zimetokeza. Kipimo hicho, kinachobeba jina la tabibu Mwingereza William Adams wa karne ya 19, hakitaki mashine wala fedha, na kila mama anaweza kukifanya nyumbani. Mpindo ukigunduliwa mtoto angali anakua, vazi gumu la kumshika kiwiliwili laweza kuuzuia usiendelee, na upasuaji ukaepukwa.

Kwa msichana mwenye mgongo kama wangu nasema: usikubali kuhukumiwa kwa macho. Kapimwe nyuzi, kapimwe pumzi, uulize maswali yako yote kabla ya mimba. Ukishabeba, nenda kliniki mapema na bahasha ya picha zako, na uombe kuonana na daktari wa usingizi mapema. Panga kuzalia hospitali yenye chumba cha upasuaji, hata kama zahanati iko karibu zaidi.

Kwa wakunga wetu, ambao wengi wao hufanya kazi ngumu kwa moyo mwema, ninaloomba ni dogo. Mama mwenye mgongo uliopinda akisimama mbele yako, mpeleke pembeni, umwulize mambo matatu: mpindo una nyuzi ngapi, unapanda ngazi bila ya kuhema, umewahi kupasuliwa? Kisha yaandike majibu kwenye kadi, ili yamfikie na yule atakayekuwa zamu usiku wa uchungu.