Siku Waya Ulipokatika Baharini

Mei 2024 ilinikuta Kilwa Masoko, nilikokwenda kumwona mjomba kwa siku tatu nikakaa karibu wiki mbili. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilitua katika pwani yetu, na mafuriko yaliyofuata yakaikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi huko Somanga. Nikaamua kungoja mambo yatulie. Kabla hayajatulia, Jumapili ya tarehe 12, nyaya mbili za intaneti zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika upande wa kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki, yetu ikiwamo, zikabaki na mtandao wa kuchechemea.

Jumatatu asubuhi nilimsindikiza mjomba katika ofisi moja ya umma kulipia leseni ya chombo chake cha uvuvi. Fedha alikuwa nazo, zimefungwa katika kitambaa. Kijana wa dirishani akamwamkia kwa adabu zote, kisha akasema, "Mzee wangu, mtandao hakuna. Siwezi kukutolea kumbukumbu namba. Rudi kesho."

Mjomba akamtazama kwa muda. "Mwanangu, hela hizi hapa. Wewe upo, mimi nipo, na chombo kipo pale ufukweni. Sasa anayekosekana ni nani?"

Swali hilo lilimhusu kijana yule kidogo sana. Lilinihusu mimi, kwa kuwa nafundisha uhandisi wa programu, na wanaojenga mifumo ya namna ile ni vijana niliowasahihishia mitihani. Hakuna aliyeandika popote kwamba mvuvi wa Kilwa asihudumiwe waya unapokatika. Tulidhania tu kwamba waya utakuwapo, na dhana ile ikageuka sheria bila kupita bungeni.

Msomaji asinielewe vibaya. Sitamani kurudi tulikotoka. Mfumo wa kielektroniki wa malipo ya serikali, ulioanza kutumika mwaka 2017, ulijengwa na wahandisi wa hapa hapa nyumbani, nao umeziba mianya iliyotutafuna miaka mingi. Fedha hazipiti tena mfukoni mwa mtu. Anayekumbuka stakabadhi za bandia hawezi kuudharau. Ninachouliza ni kwa nini tulipoondoa wizi wa daftari tuliondoa pia uwezo wa daftari kufanya kazi peke yake.

Maana uwezo huo sasa una jina katika utafiti. Mwaka 2019 Martin Kleppmann na wenzake watatu wa maabara ya Ink & Switch walichapisha makala wakitetea programu ambayo makazi ya data yake ni kifaa cha mtumiaji mwenyewe. Seva ya mbali hubaki kuwa msaidizi: hutunza nakala na kuwaunganisha watu. Mtandao ukiwapo, kazi husambaa. Usipokuwapo, kazi huendelea. Nyuma yao kuna hisabati iliyoelezwa mwaka 2011 na Marc Shapiro na wenzake, inayoonyesha jinsi nakala mbili za kumbukumbu zinavyoweza kuandikwa mbali mbali kisha zikaunganishwa bila moja kuifuta nyingine. Fikiria karani wa Kivinje na karani wa Masoko, kila mmoja na daftari lake. Wakikutana jioni, kila kilichoandikwa kwa huyu huongezwa kwa yule, na mpangilio wowote wa kukutana kwao huzaa daftari lile lile.

Ugumu huja pale jambo linapotakiwa liwe moja tu. Makarani wawili wasioonana wanaweza kutoa namba moja ya leseni kwa watu wawili, na hisabati ile haiwezi kulizuia hilo yenyewe. Lakini wazee wetu wa hazina walilijua jibu kabla ya kompyuta. Kitabu cha stakabadhi kilitoka makao makuu kikiwa kimekwisha kupigwa namba. Kila mkusanyaji alisaini fungu lake, na hakuna fungu lililogusa la mwenzake. Mhandisi wa leo akiigawia kila ofisi fungu la namba mapema, anafanya kitu kile kile, nasi tunampa shahada ya uzamili.

Wala si jambo geni kwetu. DHIS2, mfumo wa taarifa za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumika katika nchi zaidi ya 70, Tanzania ikiwamo, mizizi yake ni mradi ulioanza Afrika Kusini mwaka 1994, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mchango wa miaka mingi ndani yake. Mfumo huo huweza kuhifadhi takwimu zinazoingizwa mtandao ukiwa umekatika, kisha ukazituma baadaye. Sababu haihitaji tafsiri ndefu: desturi ya mradi ule, waliyoirithi wanazuoni wa Norway kutoka kazi ya Kristen Nygaard na vyama vya wafanyakazi miaka ya 1970, ni kubuni pamoja na anayetumia. Ukikaa na muuguzi wa zahanati, hutahitaji kuambiwa mara mbili kwamba mtandao hukata.

Wanafunzi wangu wana shauku na jambo jingine. Tangu akili unde ianze kuandika msimbo, wananiuliza kama kuna haja ya kusoma tena. Niliporejea Dar es Salaam niliiagiza moja inijengee fomu ya malipo ya leseni. Ikaniandikia kwa dakika chache, msimbo msafi kuliko wangu (nakiri kwa uchungu kidogo). Nikakata intaneti, nikabonyeza kitufe. Ikaandika: "Hitilafu imetokea, jaribu tena." Yaani rudi kesho. Ilifundishwa kwa msimbo wetu sote, ikairithi dhana yetu sote. Nilipoieleza hali ya Kilwa ikaandika upya, vizuri tu. Lakini ilibidi kwanza awepo mtu aliyesimama kwenye lile dirisha.

Mjomba alipata kumbukumbu namba yake Alhamisi. Siku tatu chombo kilikaa ufukweni, kwa kuwa aliogopa kukutwa na doria bila leseni, na vijana wake wanne hulipwa kwa samaki, si kwa mshahara. Jioni moja nilimweleza ninayoyafundisha. Akanionyesha mlingoti uliolazwa ndani ya chombo chake, chombo ambacho kina mashine nzima kabisa. "Mashine ikizima tunatweka tanga. Nyie tanga lenu mmeliweka wapi?"

Nalo lilikuwapo, kumbe. Ile Jumatatu, baada ya kutuambia turudi kesho, kijana wa dirishani alitoa chini ya meza kaunta buku aliloligawa kwa rula: jina, simu, huduma, saa, na safu nyembamba ya mwisho ya kuweka tiki akishaingiza kwenye mfumo. Hakuagizwa na mtu. Kwa daftari hilo ndiyo alimpigia mjomba simu Alhamisi, kwa zamu yake, bila mzee kurudi kupanga foleni. Nilimwomba ruhusa ya kulichora, bila majina, na mchoro ule ndio nilioanzia nao muhula uliofuata. Nikawataka wanafunzi wautafute udhaifu wake. Wakataja moto, mchwa, mwandiko mbaya. Binti mmoja aliyekaa nyuma akauliza inakuwaje kijana yule akihamishwa kituo, na kama mwajiri wake anajua kwamba daftari hilo lipo.