Kivuli Kikizidi

Mwezi huu naomba nikupeleke kwetu Buhigwe, kule milimani mpakani na Burundi, ambako asubuhi unavaa sweta wakati mwenzako wa Dar ameshawasha feni. Kwetu ni kahawa na migomba. Ndiyo iliyonisomesha hadi nikapata digrii ya mawasiliano. Chai tunaijua kwenye kikombe tu.

Basi mwaka aliofariki baba nilitoka safari ya kazi Rungwe na miche miwili ya chai, nikampelekea mama kama zawadi ya kumpoza. Nilijifanya mtaalamu. Nikamweleza kwamba chai ni ndugu wa damu wa kamelia, yale maua ya bustani ambayo wazungu na Wajapani wanayahusudu. Mama akaguna, "Haya, tuone huyo ndugu."

Mche mmoja niliupanda mwenyewe chini ya mwembe, kwenye kivuli kizito, nikaurundikia na majivu ya jikoni eti mbolea. Wa pili mama aliupanda mbele ya nyumba, upande jua linakochomoza. Aliusimikia matawi ya kuukinga, akatandaza majani makavu ya migomba kwenye shina. Nikamwambia, "Mama, utaungua huo!" Akanyamaza.

Halafu nikamchukua mama mwenyewe, nikampeleka Dar. Niliona nafanya la maana. Chumba chake, televisheni yake, msichana wa kazi wa kumpikia. Kila akishika ufagio nampokonya: "Pumzika mama, umechoka." Yaani hata chai nilitaka aletewe.

Mwezi wa tatu mama akaanza kuwa mdogo. Chakula anaacha, hadithi hana, mchana analala. Hospitali hawakuona ugonjwa. Usiku mmoja nilimkuta kakaa gizani. Akasema taratibu, "Mwanangu, hapa kwako sina kazi hata ya kumwagilia."

Nililia. Mume wangu akanitazama akasema, "Mrudishe." Nilimkasirikia siku mbili, nadhani kwa sababu alisema kweli.

Tulipofika Buhigwe, mche wangu wa mwembeni ulikuwa umenyong'onyea, majani ya manjano, mishipa tu ndiyo ya kijani. Baadaye nilijifunza kosa langu: jamii ya kamelia inapenda udongo wenye asidi, na majivu yanaiondoa. Kwa chai udongo mzuri ni wa pH 4.5 hadi 5.5. Na kile kivuli kizito kiliunyima nguvu. Mche wa mama ulikuwa umechangamka. Jirani alikuwa akiumwagilia kiangazi chote, na kila baada ya muda anapunguza tawi moja la kinga, kama mama alivyomwagiza.

"Kivuli ni cha kuuzoesha jua," mama akaniambia, "si cha kuufungia."

Shoga, kama una kamelia au mche wowote wa jamii hiyo mahali penye jua, fanya hivyo hivyo. Upe jua la asubuhi, uukinge na lile kali la mchana mpaka uzoee. Funika mizizi yake iliyo juu juu kwa majani makavu. Mwagilia wakati wa kiangazi, lakini maji yasituame. Majivu peleka kwingine.

Mwaka wa nne mti wa mama ulitoa maua, meupe, madogo, yenye kiini cha njano. Mashambani huyaoni sana kwa sababu chai huchumwa na kupogolewa kila mara. Mama hauchumi wala haupogoi, anasema huo ni wa kutazama.

Bado nina wasiwasi. Akichelewa kupokea simu moyo unanienda mbio. Siku hizi nimemtafutia kijana wa kumchotea maji, basi. Mengine anafanya mwenyewe. Juzi nilimpigia mara tatu hapokei. Ya nne akapokea, anahema: "We mtoto vipi, niko shambani!"

Nikamwamkia, nikakata simu, nikacheka peke yangu ofisini.